Maswali ya Wasomaji: Misingi ya Kukunja Origami

Baada ya kuchapisha hatua za kukunja korongo wa Kijapani, barua nyingi tulizopokea zilihusu hatua za mwanzo, zile zinazotangulia korongo mwenyewe. Safu hii yote tumeitoa kwa maswali hayo. Tukisema msingi, tuna maana umbo la mwanzo lenye ncha kadhaa, ambalo kazi mbalimbali za origami, yaani sanaa ya kukunja karatasi, zinaanzia hapo. Vipimo tunavyotaja ni vya karatasi ya mraba ya sentimita 15 kwa 15, ambayo ndiyo saizi ya kawaida ya karatasi za origami nchini Japani, upande mmoja una rangi na wa pili ni mweupe. Karatasi yako ikiwa ya sentimita 30, zidisha kila kipimo mara mbili. Tukisema mkunjo wa bonde, tuna maana unakunja karatasi kuja kwako. Mkunjo wa mlima unaenda nyuma, mgongo ukabaki juu.

SWALI: Kitabu kimoja kinasema misingi ni minne, kingine kinataja tisa. Ipi ni ya lazima? Na kwa nini inaitwa samaki, korongo au chura wakati ukiitazama haifanani na mnyama yeyote?

JIBU: Ukiijua minne vizuri, iliyobaki utaisoma kwa kuitazama tu. Hiyo minne ni mraba, samaki, korongo na chura. Msingi wa tiara ni nusu ya njia ya kufika kwenye samaki, na msingi wa puto ni mraba uliogeuzwa nje ndani. Majina yametokana na kazi mashuhuri inayoanzia kwenye kila msingi, lakini kazi hiyo haiumiliki: msingi wa chura ndio huohuo unaotoa ua la airisi.

Chukua karatasi na penseli uone jinsi misingi hii ilivyo ukoo mmoja. Chora mstari wa ulalo, kona hadi kona. Una pembetatu mbili. Kila moja ukiikunja kwa mkunjo unaoitwa sikio la sungura, yaani kingo zake zote tatu zikalala kwenye mstari mmoja, umepata samaki. Chora ulalo wa pili, pembetatu zinakuwa nne za umbo lilelile. Zikunje vilevile, ni korongo. Ongeza mistari miwili inayogawa karatasi nusu kwa nusu, zinakuwa nane, na hapo ni chura.

Kinachobadilika ni idadi ya ncha na urefu wake. Samaki ana ncha mbili ndefu za sentimita 10.6 na mbili fupi za 4.4. Korongo ana nne za 7.5, na ncha moja ya katikati ya karatasi yenye 3.1. Chura ana tano za 5.3, nne zikitoka kwenye kona na moja katikati, pamoja na vincha vinne vya 2.2 vinavyotoka kwenye kingo. Karatasi ni ileile, kwa hiyo kila ukiongeza ncha, zote zinafupika.

Urefu huo haukutokea kwa bahati. Kila ncha inakula eneo la karatasi lenye umbo la duara, na nusu kipenyo cha duara hilo ni urefu wa ncha yenyewe. Maduara mawili hayawezi kupandana. Ukitaka ncha mbili ndefu kadiri inavyowezekana, utaziweka kwenye kona zinazotazamana, umbali wa sentimita 21.2, kila moja ipate 10.6. Ukitaka nne, utaziweka kwenye kona nne, na kila moja inapata 7.5. Tano, unaongeza ya katikati, na umbali wa katikati hadi kona ni 10.6, hivyo kila moja inapata 5.3. Samaki, korongo, chura. Wakunjaji wa zamani walifika hapo kwa vidole vyao. Hesabu ya maduara ilikuja kuwekwa wazi mwishoni mwa karne ya 20 na watu kama Toshiyuki Meguro wa Japani na Robert Lang wa Marekani. Kwetu sisi hili ndilo jambo la kwanza la kujua kuhusu misingi: hesabu ncha unazozihitaji kabla hujagusa karatasi.

SWALI: Ndugu wahariri, nakunja mistari yote minne, ulalo miwili na nusu mbili, lakini karatasi haitaki kuporomoka ikawa mraba mdogo. Mara inakuwa pembetatu, mara inakataa kabisa. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Mistari yako ni sahihi, mwelekeo wake ndio umekosewa. Mraba na puto vina mistari ileile. Kwenye mraba, ukiwa umeangalia upande mweupe, mikunjo ya nusu ni mabonde na ya ulalo ni milima. Kwenye puto ni kinyume chake, na ndiyo maana wakati mwingine unapata pembetatu. Mistari yote ukiikunja upande mmoja, karatasi haina cha kuchagua, inakataa.

Fanya hivi. Weka upande wa rangi juu. Kunja ulalo mmoja, fungua, kunja wa pili, fungua. Sasa geuza karatasi, upande mweupe uwe juu, ukunje nusu mara mbili, kila mara ukifungua. Bonyeza katikati kidogo kwa kidole. Ukiwa umekunja sawa, kitovu cha karatasi kitaruka upande wa pili chenyewe. Kisha kusanya kona zote nne kwenye kona moja. Utaona kuwa ulalo mmoja unabaki umenyooka, nusu yake mbele na nusu nyuma, na kazi yote inafanywa na ule mwingine.

Ukitaka kujihakiki, hesabu mikunjo inayokutana kwenye kitovu. Mabonde ni manne na milima miwili. Popote mikunjo inapokutana ndani ya karatasi na karatasi ikalala bapa, tofauti kati ya mabonde na milima ni mbili daima. Kanuni hiyo inajulikana kwa jina la mkunjaji wa Kijapani Jun Maekawa, na inaokoa muda mwingi kwa mtu aliyekwama.

SWALI: Mkunjo wa petali unanishinda. Nikiinua ulimi wa juu, pembeni panakunjamana na ncha inatoka butu. Nimeharibu karatasi nyingi.

JIBU: Mkunjo wa petali ni ule wa kuinua kona ya tabaka la juu huku kingo zake za pembeni zikiingia ndani hadi katikati. Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani, na mchoro wa kitabu mara nyingi hauonyeshi kinachotokea kweli, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Weka msingi wa mraba mezani, kona iliyofungwa iwe mbali na wewe, na kona yenye ncha nne zilizoachana iwe upande wako. Jambo hili likikosewa hakuna petali itakayofunguka, kwa sababu utakuwa unavuta upande ambao hauna kingo huru. Chukua kingo mbili za tabaka la juu zinazoanzia kwenye kona iliyo wazi, uzilaze kwenye mstari wa katikati. Pembe unayokunja hapo ni ya nyuzi 22.5. Anza kukaza mkunjo kutoka kwenye ncha kwenda juu, usianzie juu ukashuka. Ukianza juu, kosa la nusu milimita linashukia kwenye ncha na kuifanya butu, na ncha butu haina dawa baadaye.

Ukimaliza pande mbili, juu inabaki pembetatu ndogo iliyofungwa. Ikunje ishuke juu ya zile kingo, ukaze, kisha uikunje tena kwenda nyuma palepale. Mstari huo uko sentimita 3.1 kutoka ncha iliyofungwa. Fungua kila kitu urudi kwenye mraba.

Sasa sikiliza vizuri. Ukiinua kona ya tabaka la juu, mstari wa mlalo ulioukaza unakuwa bawaba. Lakini ile mikunjo miwili ya pembeni kwenye tabaka hilo la juu inatakiwa ibadilike: ilikuwa mabonde ikitazamwa upande wa rangi, sasa inageuka kuwa milima. Karatasi inakunjamana kwa sababu mikunjo hiyo bado inakumbuka mwelekeo wa zamani. Suluhisho ni kuitayarisha. Kabla hujainua petali, shika tabaka la juu peke yake na ukunje kila mstari wa pembeni kwa upande wa pili pia, kwa kucha, taratibu, kuanzia kwenye ncha hadi unapokutana na bawaba. Ukiinua baada ya hapo, kingo za pembeni zitaingia ndani zenyewe na kukutana katikati bila kulazimishwa. Zielekeze tu kwa vidole viwili, na usibonyeze mpaka uone kingo zote mbili zimelala kwenye mstari.

Geuza, rudia nyuma. Msingi uliokamilika, ukiinua petali zote mbili, una umbo la almasi lenye urefu wa sentimita 15 na upana wa 6.2. Pima kwa rula. Upana ukifika 6.5, kingo zako hazikufika katikati. Ukiwa chini ya 6, zimepandana.

Kuhusu kupandana: kingo mbili zikigusana kabisa katikati, mkunjo unaofuata hauna nafasi, kwa kuwa karatasi ina unene. Kwenye petali unaweza kuzigusanisha. Ila utakapopunguza upana wa miguu miwili ya chini ili ipatikane shingo na mkia wa korongo, acha uwazi wa nusu milimita hadi milimita moja kila upande wa mstari wa katikati. Ukiuziba, shingo itapasuka au itapinda upande wakati wa kuigeuza kwa ndani, yaani kuisukuma ncha ipande katikati ya tabaka zake.

SWALI: Nikifika mwisho wa korongo, mabawa yangu yana mpasuko katikati na shingo ni pana. Nini kimetokea?

JIBU: Umeushika msingi juu chini. Upande mmoja wa almasi una ncha mbili zilizoachana kwa mpasuko, hizo ndizo shingo na mkia. Upande wa pili una petali mbili nzima, hayo ni mabawa. Punguza zilizopasuka tu, mbele na nyuma, kisha zigeuze kwa ndani zipande juu katikati ya mabawa.

SWALI: Msingi wa samaki naweza kuufanya ila masikio yake madogo yanavimba. Kuna njia safi?

JIBU: Ipo. Upande mweupe ukiwa juu, kunja ulalo wote wawili na ufungue. Kwenye mwisho mmoja wa ulalo unaoutumia kama mhimili, laza kingo mbili kwenye mhimili huo, hapo una tiara, kisha fungua. Fanya vivyo hivyo mwisho wa pili. Kila upande wa mhimili utaona mikunjo imekutana kwenye nukta moja iliyo juu ya ule ulalo wa pili, sentimita 4.4 kutoka kwenye mhimili. Nukta hiyo ndiyo yote.

Uvimbe unatokea mkunjo unapopita nukta hiyo ukaendelea hadi ukingoni. Kwa hiyo unapokunja tiara mara ya kwanza, kaza kuanzia kwenye ncha hadi nukta tu, uache kipande kilichobaki bila kukikandamiza. Kisha bana kona ya pembeni kwenye mstari wake wa ulalo, leta kingo zake mbili kwenye mhimili kwa pamoja, na ulaze sikio upande mmoja. Mabonde matatu, mlima mmoja, na huo mlima ni ule mkunjo mfupi unaojitengeneza unapolilaza sikio. Masikio yote mawili yaelekee upande mmoja.

SWALI: Nimejaribu chura kwa karatasi ya kuchapia ya kompyuta. Ilinenepa mpaka ikafunguka yenyewe. Nitumie karatasi gani, na kama sina ya mraba niikateje?

JIBU: Karatasi ya kuchapia ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Ile ya kawaida ya origami iko karibu na 60. Tofauti inaonekana ndogo, lakini chura anakunjwa mara nane zaidi ya mraba: mikunjo minne ya kubonyeza, halafu petali nne, na tabaka zote zinalundikana kwenye mhimili mmoja. Kwa gramu 80, anza na mraba mkubwa. A4 inakupa mraba wa sentimita 21: laza ukingo mfupi juu ya ukingo mrefu, kunja ulalo, kata kipande kinachobaki. Kaza mstari wa kukata pande zote mbili kabla ya kukata, na ukate kwa kisu na rula, kwa sababu mkasi unapinda. Milimita moja ya tofauti kati ya urefu na upana itakuonyesha weupe kwenye kila ncha.

Karatasi inakunjika kirahisi kufuata nyuzi zake na kwa shida kuzikata. Kwenye mraba huwezi kulikwepa jambo hili, ila ukijua upande mgumu, ukaze hapo mara mbili. Washi, karatasi ya jadi ya Kijapani, inayotengenezwa kwa nyuzi ndefu za mmea wa kozo inastahimili kukunjwa na kufunguliwa mara nyingi kuliko karatasi ya mti, na kwa chura tunaipenda kuliko zote, mradi iwe nyembamba.

Kuhusu kukunja kwenyewe: kwenye mraba, simamisha ulimi mmoja, yaani kipande kimojawapo cha pembeni, wima, ingiza kidole ndani, uufungue na kuubonyeza mpaka mkunjo wake ulale juu ya mstari wa katikati. Unapata umbo la tiara lenye ukingo mmoja uliolala mlalo. Fanya hivyo kwenye ndimi zote nne, kila mara ukihakikisha tabaka ziko nne kushoto na nne kulia. Zikiwa tatu kwa tano, umebonyeza ulimi usio wake. Baada ya hapo laza kingo mbili za upande wa ncha zilizo wazi kwenye mstari wa katikati, fungua, na inua ule ukingo wa mlalo. Kincha kidogo kitatazama upande uliofungwa. Petali hizi ni ndogo, bawaba yake iko sentimita 5.3 kutoka ncha iliyofungwa, kwa hiyo tumia kucha au ncha butu ya kijiti.

SWALI: Je, misingi hii ni ya kale kweli, au ni mpango wa vitabu vya kisasa?

JIBU: Mikunjo ni ya kale, kuipanga kwa majina ya misingi ni kwa karibuni zaidi. Mwaka 1797 kulichapishwa Kyoto kitabu kiitwacho Hiden Senbazuru Orikata, chenye mifano 49 ya korongo walioungana, wanaotokana na karatasi moja iliyokatwa sehemu na kuacha kona zikishikana. Mtu hawezi kukunja korongo hao bila msingi wa korongo, kwa hiyo ulikuwa umeshazoeleka. Tunawakumbusha wanaodai kwamba origami ya jadi haikugusa mkasi: iliugusa sana.

Alama tunazotumia leo, nukta na mistari ya mabonde na milima pamoja na mishale, zinatokana na mkunjaji wa Kijapani Akira Yoshizawa, aliyezaliwa 1911 na kufariki 2005, ambaye alizitumia katika kitabu chake cha mwaka 1954. Waandishi wa vitabu vya origami Samuel Randlett na Robert Harbin walizieneza kwa wasomaji wa Kiingereza katika miaka ya 1960. Kabla ya alama hizo, msingi ulifundishwa mara nyingi mkono kwa mkono.

SWALI: Nataka kubuni mnyama wangu mwenye miguu minne, shingo ndefu na mkia mfupi. Nianze na msingi upi?

JIBU: Hesabu ncha zako: nne za miguu, moja ndefu ya shingo na kichwa, moja fupi ya mkia. Korongo atakupa miguu ya sentimita 7.5, lakini shingo itabaki na ncha ya katikati, 3.1 peke yake, na mkia hauna pa kutoka. Samaki hatoshi kabisa. Chura anakupa kona nne za 5.3 kuwa miguu, ncha ya katikati ya 5.3 kuwa shingo, na kincha kimoja cha 2.2 kuwa mkia. Vile vitatu vinavyobaki vifiche ndani kwa kuvikunja chini ya tabaka za pembeni.

Tatizo utakalokutana nalo ni miguu: inaanzia mahali pamoja, na mnyama wako ana miguu ya mbele na ya nyuma. Itenganishe kwa kugeuza miwili kwa ndani ielekee mbele na miwili ielekee nyuma, kila mgeuko ukianzia milimita chache chini ya bawaba ili tabaka zisivutane. Ncha ya katikati nayo ni ngumu kupinda kwa sababu imefungwa, haina ukingo huru, basi ipunguze upana kwanza kabla ya kuipinda iwe kichwa. Jaribio la kwanza lifanye kwa karatasi ya sentimita 25 au zaidi.